Choki na kartushi za kanga: ushauri wa batamzinga unafaa?

Leki wa Kampemba

Jambo bayaya. Shemeji yangu anaishi Missouri, Marekani, anawinda batamzinga. Ananiambia nitafute choki (mbano wa mdomo wa mtutu) iliyobana kabisa na marisau (vipunje vya risasi) namba 5, nilenge kichwa na shingo. Mimi nawinda kanga upande wa barabara ya Kasenga, kwa kibali, na bunduki aliyoniachia marehemu baba: kalibre 12, mitutu miwili ubavu kwa ubavu. Jumamosi nilipiga kundi likiwa hatua thelathini na kitu. Mmoja alianguka, akainuka, akaingia majani marefu nyuma ya kichuguu. Nilimtafuta mpaka jua likawa kali. Sikumpata, na mpaka leo inaniuma. Kosa ni choki au kartushi? Nilitumia namba 7, za njiwa.

Mzee wa Katuba

Pole, leki, mdogo wangu. Kuumia huko ni kuzuri, usikuache.

Shemeji anasema kweli, lakini kwa ndege wake. Batamzinga dume anafika kilo 8 na zaidi. Mwindaji anaketi chini ya mti, anaiga sauti ya jike, na dume anakuja kwa miguu, shingo juu. Hapo unataka marisau yote yarundikane shingoni. Kanga hafiki kilo 2, na hakungoji: anakimbia, kisha anaruka ghafla. Ukimpiga kwa choki iliyobana kabisa akiwa hatua kumi na tano, ama unamkosa, ama unabeba nyumbani manyoya na nyama iliyosagika.

Kosa lako ni namba 7. Risau lake lina milimita 2.5 tu, kwa mbali linaishia kwenye manyoya. Chukua namba 5, milimita 3. Kartushi ya gramu 36 ina marisau karibu 230, yanatosha.

Bunduki nyingi za mitutu miwili, wa kulia ni choki nusu, wa kushoto umebana. Anza na wa kulia. Lakini usiamini maneno yangu wala ya shemeji: pasua mfuko wa sementi, utandaze, chora kanga kwa makaa katikati, zungushia duara la sentimita 75. Simama mita 35, piga, hesabu matundu. Choki nusu inatia kama 60 kwa mia ndani ya duara. Kisha tazama kanga wako wa makaa: kama kuna pengo anapopita bila kuguswa, badilisha kartushi.

Mama Kipushi

Kabla ya kupiga hata moja, fungua mitutu usome chini yake. Bunduki za zamani nyingi ni 65, yaani chumba cha kartushi kina urefu wa milimita 65. Kartushi ya 70 inaingia vizuri, inakudanganya, kwa sababu urefu huo hupimwa mdomo wa kartushi ukiwa umeshafunguka. Ikilipuka mdomo wake unakosa nafasi ya kufunguka, presha ndani ya mtutu inapanda. Na marisau ya chuma usiyaguse kwa mitutu ya zamani.

Leki wa Kampemba

Aksanti mama, aksanti yaya. Nimefuta kutu kwa mafuta ya taa, nikasoma kwa tochi: 12-65. Boksi nililokuwa nimenunua jana ni la 70, zote ishirini na tano. Kesho asubuhi nalirudisha. Mfuko wa sementi ninao tayari.