Tupeane uzoefu: uchovu wa madereva wa malori, na nani anawajibika ajali inapotokea

Ndugu zangu, naomba tukusanye hapa visa vya kweli vya uchovu kwenye usukani wa lori, na hasa yale yaliyofuata baada ya ajali: polisi waliuliza nini, mahakama ilizingatia nini, bima ililipa au ilikataa, na mwenye gari alisimama upande gani. Nimeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka mingi, na jambo linaloniumiza hadi leo ni kwamba ajali ikitokea alfajiri, jina linaloandikwa kwenye taarifa huwa ni la dereva peke yake, ilhali saa ya kuondoka, saa ya kufika na adhabu ya kuchelewa zilipangwa na watu waliokuwa wamelala vitandani mwao usiku huo.

Vipimo vya kazi hii vinajulikana. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 153 wa mwaka 1979 unataka dereva asiendeshe zaidi ya saa 4 mfululizo bila kupumzika, asizidishe saa 9 za kuendesha kwa siku wala 48 kwa wiki, na apate angalau saa 10 za mapumziko yasiyokatizwa katika kila saa 24. Umoja wa Ulaya unaruhusu saa 9 kwa siku, ambazo zinaweza kufika 10 mara mbili kwa wiki, na baada ya saa 4 na nusu za kuendesha dereva hupumzika dakika 45. Marekani inaruhusu dereva wa mizigo aendeshe saa 11, lakini ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, na muda anaoupoteza akisubiri kupakia kwa kawaida unahesabiwa humo. Kifungu hicho cha mwisho nakiona kuwa cha maana kuliko vyote, kwa sababu kuna aina ya uchovu ambayo ofisi nyingi haziihesabu kabisa.

Nasema hivyo kwa sababu yalinikuta. Tulishinda kutwa nzima kwenye foleni ya kupakia, gari likisogezwa hatua chache kila baada ya muda mfupi, hivyo kulala kulikuwa hakuwezekani. Jioni hati za mzigo zilipotoka, msimamizi wa safari alinipigia simu na kuniambia kwamba, kwa kuwa nilikuwa nimepumzika mchana kutwa, alitarajia nifike kabla ya mapambazuko. Nilikataa, nikamwandikia ujumbe wenye saa na sababu, nikaegesha na kulala. Posho yangu ilikatwa, lakini ujumbe ule ninao mpaka sasa. Wengine karibuni.

Aliyekuwa utingo:

Kaka, nashukuru kwa kulifungua jambo hili. Nilikuwa utingo kwenye semi-trela iliyoacha barabara alfajiri, na nikaja kuwa shahidi wa kesi hiyo. Dereva wangu hakuwa mlevi wala mkorofi. Alikuwa mtu mzima mwenye uzoefu, ambaye alikuwa hajapata usingizi wa kutosha kwa siku kadhaa. Kabla ya ajali alishusha kioo, akanawa uso kwa maji ya chupa, akaniomba nimpigie hadithi, na mara mbili gari lilisogea pembeni kisha akalirudisha kwa kushtuka. Mimi nilidhani nikiyaeleza hayo mahakamani nitamsaidia, kwa kuwa yanaonyesha alivyojitahidi kukaa macho. Mwendesha mashtaka aliyapokea kwa namna nyingine kabisa: aliuliza kama dereva alikuwa anajua kwamba usingizi umemzidi, na kila jitihada niliyoitaja ikawa ushahidi kwamba alijua na hakusimama.

Mkaguzi aliyepima eneo la tukio alisema barabarani hapakuwa na alama yoyote ya breki. Lori linalokwenda kilomita 80 kwa saa hukata zaidi ya mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kufumba macho kwa sekunde 4 tu ni karibu mita 90 ambazo hakuna mtu anayeliongoza. Jambo lililonisikitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyemwita mpangaji wa safari kueleza ratiba ile. Dereva alihukumiwa, na gari jingine la kampuni hiyo likaondoka kwa ratiba ileile.

Wakili:

Ndugu utingo, ulichokiona kinalingana na msingi unaofuatwa na mahakama nyingi. Mtu aliyelala hana hiari juu ya matendo yake, na ndiyo maana sheria haimshtaki kwa yale yaliyotokea akiwa usingizini. Inarudi nyuma hadi dakika alizokuwa macho na kuuliza kama alionywa na mwili wake akaendelea. Mahakama Kuu ya Australia ililieleza hilo kwa uwazi katika kesi ya Jiminez ya mwaka 1992, ambapo hukumu ya dereva ilitenguliwa kwa sababu ushahidi haukutosha kuonyesha kwamba kuendesha kwake kabla ya kusinzia kulikuwa kwa hatari. Upande wa pili ni ajali ya Great Heck karibu na Selby, Uingereza, Februari 2001, ambapo gari dogo lenye tela liliacha barabara kuu likaangukia reli, treni mbili zikahusika na watu 10 wakafariki. Dereva alikana kusinzia, lakini baraza la raia wanaoamua kesi mahakamani (jury) halikumwamini, na alifungwa miaka 5. Halikuwa lori, lakini kanuni ni ileile.

Wanaouona uchovu kuwa udhaifu wa kawaida wakumbuke utafiti uliochapishwa katika jarida la Nature mwaka 1997, ulioonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hufanya kazi ya umakini kama mwenye kiwango cha pombe cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 huwa kama mwenye asilimia 0.10. Hakuna mwajiri anayeweza kumpa mlevi funguo za lori kisha akadai hahusiki.

Sasa nije kwa mwenye gari. Katika madai ya fidia, mwajiri kwa kawaida hubeba uzembe wa mfanyakazi wake uliotendeka ndani ya kazi, na hapo waathirika huwa na mahali pa kudai hata kama dereva hana kitu. Kesi ya jinai ndiyo inayobaki shingoni mwa dereva peke yake, isipokuwa pale sheria inapowafuata waliopanga safari. Kanuni ya Ulaya namba 561 ya mwaka 2006 inazuia malipo yanayotegemea umbali au wingi wa mzigo pale yanapohatarisha usalama, na inawataka hata watuma mizigo na mawakala wao wahakikishe kwamba ratiba za mikataba zinaheshimu saa za kupumzika. Majimbo mengi ya Australia yamekwenda mbali zaidi: tangu Oktoba 2018 mwajiri, mpangaji ratiba, mtuma mzigo, mpokeaji na msimamizi wa upakiaji, kila mmoja ana wajibu wake mwenyewe wa usalama, na anaweza kushtakiwa kwa kuuvunja hata kabla ajali haijatokea. Huo ndio mpangilio ninaouona kuwa wa haki, kwa sababu unamfikia aliyeweza kuizuia safari akiwa mezani.

Msimamizi wa safari:

Nakubaliana na mengi, lakini naomba upande wetu nao usikike. Wapo madereva wanaotumia kadi ya mwenzao kwenye takografu, yaani kifaa cha garini kinachorekodi saa za kuendesha na kupumzika, ili saa zisionekane, wanaomeza vidonge vya kuzuia usingizi, au wanaotumia siku ya mapumziko kufanya kibarua kingine. Wapo pia wanaokoroma na kukatika pumzi usingizini, wakaamka wamechoka kama hawakulala, na hilo linahitaji daktari. Tulipoanza kuwalipa madereva wetu saa za kusubiri mzigo, udanganyifu wa kumbukumbu ulipungua sana.

Mwanzisha mada:

Ndugu msimamizi, sentensi yako ya mwisho ndiyo inayoeleza zile za mwanzo. Anayelipwa kwa safari huchezea kumbukumbu kwa sababu kupumzika kunamla mwenyewe. Udanganyifu huo siutetei, na ukigundulika baada ya ajali ndio unaompa tajiri nafasi ya kujivua lawama.

Mke wa marehemu:

Kaka zangu, mume wangu alifariki akiwa kazini, na kampuni iliniambia kwamba hakuna fidia kwa kuwa alilala mwenyewe. Niliambiwa pia kwamba gari limeshapelekwa gereji. Nifanye nini?

Wakili:

Pole sana, dada. Katika nchi nyingi fidia ya kufia kazini haitegemei kuthibitisha kosa la mtu, kwa hiyo jibu ulilopewa usilichukue kuwa la mwisho. Peleka dai lako kwenye mamlaka inayosimamia fidia za wafanyakazi, na ufanye hivyo mapema kwa sababu madai haya yana ukomo wa muda. Wakati huohuo, mwanasheria wako aiandikie kampuni leo kuitaka isifute wala kuharibu kumbukumbu za takografu na za kifaa cha kufuatilia gari, hati za mzigo zenye saa za kupakia, na ratiba ya wiki zilizotangulia. Simu ya marehemu usiifute chochote na usimkabidhi mtu yeyote bila hati ya maandishi, kwa kuwa ujumbe wa kuhimizwa awahi huenda umo humo.

Mke wa marehemu:

Simu ninayo. Ujumbe upo, wa saa 9 usiku.