Tupeane uzoefu: riwaya gani uliisoma ikakuacha vibaya?

Baba Wasichana (mleta uzi)
Wakuu, jana nimemkuta binti yangu wa kidato cha tatu kajikunyata kwenye kochi na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, nakala imechakaa hadi jalada limeshikizwa kwa selotepu. Nikamuuliza kafika wapi. Akasema, "Zakaria kashaiona barua." Nikatoka sebuleni kama nina shughuli nje.

Kitabu hicho nilikisoma nikiwa na umri wake. Darasani wavulana tulikuwa tunazikimbilia zile kurasa mnazozijua, na mlevi Zakaria, baba yake Rosa, kwetu alikuwa kichekesho. Sasa nina mabinti, nikakichukua alipolala nikakirudia mpaka adhana ya alfajiri. Safari hii Zakaria ndiye aliyenitisha. Anampiga Rosa kwa barua ya Charles, anaona ameilinda nyumba, halafu mwenyewe kutwa vilabuni. Binti anatoka pale hajui mwanaume ni kitu gani zaidi ya fimbo. Akifika chuoni Morogoro hakuna wa kumchunga, ndiyo basi tena. Kezilahabi alikitoa mwaka 1971, hajafikisha hata miaka 30. Hofu ya baba aliitoa wapi?

Tupieni zenu. Za zamani, za juzi, za shuleni, za kununua chini kwenye turubai. Sitaki uchambuzi wa mtihani, nataka ilikufanya nini.

mama_k
Nakazia. Akina Zakaria tumekua nao.

Kisiwani Kwetu
Kezilahabi wangu mimi ni Kichwamaji, na hapa naomba mnisikilize vizuri maana sijawahi kumwambia mtu.

Mke wangu alishikwa na uchungu wa mtoto wa kwanza usiku. Tumefika hospitali, kaingizwa ndani, mimi nimeachwa kwenye benchi la nje na kapu la khanga na chupa ya chai. Kwenye mkoba nilikuwa na kitabu, nikasema nijipotezee muda. Nikakiendeleza nilipokuwa nimeishia. Kazimoto kashamwoa Sabina, msomi wa chuo kikuu, mawazo mengi, imani hana, dawa hana. Mnaojua mnajua kinachofuata. Mtoto anazaliwa na kichwa kikubwa, kama yule wa Manase, na Kazimoto anajimaliza.

Nimesoma hayo taa ya korido inawakawaka, na ndani nasikia wanawake wanalia. Nilikifunga nikakiweka chini ya benchi. Baada ya muda nikakiokota tena, maana nilijiambia labda ukurasa unaofuata kuna nafuu. Hakuna. Yule mzee hatoi nafuu. Nikaanza kujikagua: ujana wangu niliutumiaje, nilipita wapi, nani alinificha nini. Nikawakumbuka watu niliokuwa nimewasahau kabisa.

Mlango ukafunguliwa, nesi akaita jina la mke wangu, akasema hongera baba, mtoto wa kiume. Badala ya kusema alhamdulillahi nikamuuliza, "Kichwa chake kikoje?" Yule mama alinitazama kuanzia juu mpaka chini. Akasema, "Kiko juu ya shingo, baba. Lete khanga."

mama_k
😂😂 Lete khanga! Mtoto yuko wapi siku hizi?

Kisiwani Kwetu
Yuko la pili. Kichwa cha kawaida kabisa, ila kwenye hesabu ndiyo kichwamaji kweli.

Mzalendo Halisi
Mleta uzi unamwonea Zakaria. Rosa alipewa elimu, akaitupa mwenyewe. Hakuna baba aliyemfuata Morogoro kumwambia fanya yale.

Dada wa Mjini
Wewe ndiye Charles. Ulale.

Mzalendo Halisi
Nimetoa hoja, nijibiwe kwa hoja. Wenye heshima wote waliofungiwa na baba zao hawakuharibika.

Dada wa Mjini
Hoja hii hapa. Charles anampenda msichana, posa iko njiani, akijua kwamba yuko na historia anamwacha. Ya kwake yeye haikuulizwa. Rosa anakufa, na mwandishi mwenyewe akaona kesi haiwezi kuishia duniani, akaipeleka mbinguni baba na mtoto washitakiane huko. Wewe unataka kuihukumu kwa mistari miwili.

Mwalimu Mstaafu
Vijana, taratibu. Nawakumbusha tu kwamba kitabu hicho kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha wakubwa hao hao wakakirudisha kikatungiwa maswali ya mtihani. Enzi za marufuku ndipo kilipozunguka zaidi kwenye mabweni.

Kijukuu cha Ng'ambo
Miye yangu ni Vuta N'kuvute, na wala sikuisoma peke yangu. Bibi yangu macho yalikuwa yameshafifia, nikawa namsomea jioni barazani akichambua mchele. Tukafika pale Yasmin, msichana wa miaka 15, ameozwa Bwana Raza, mtu wa miaka 52. Bibi akaendelea kuchambua. Tukafika Raza kampeleka Mombasa, Yasmin kamkimbia, kapanda meli karudi Unguja, kwao wamemfungia mlango, ndo anakwenda kwa Mwajuma Ng'ambo.

Hapo bibi akasema, "Hebu rudia." Nikarudia. "Alikimbia kweli?" Nikamwambia ee bibi, kakimbia. Akauliza nauli ya meli kaipata wapi. Nikatafuta kitabuni ili nimjibu, lakini naona hakuwa akiuliza habari ya Yasmin. Babu alikuwa mkubwa wake mno, na bibi aliozwa hata ngoma hajachezwa vizuri. Wallahi tokea siku hiyo kila jioni ni "lete Yasmin wetu". Siasa za yule mwanaharakati Denge na Inspekta Wright hakuzitaka, akisema hizo ruka. Nikawa naruka.

Sinema yake ilipotoka 2021 bibi kashatangulia.

mama_k
Mungu amrehemu. Swali la nauli limenipasua.

Omwami wa Kitale
Wakenya tuko? Sisi vitabu teule vilituuma kabla hatujajua maisha. Utengano ya Said Ahmed Mohamed: Maimuna kufungiwa ndani na babake Bwana Maksuudi asionwe na watu, kisha babake huyo huyo nje ni mheshimiwa wa kuombwa kura. Darasa letu la wavulana watupu lilinyamaza kabisa.

Lakini iliyonipeleka mbali ni Siku Njema ya Ken Walibora. Kijana anatoka Tanga, mama aliyekuwa mwimbaji wa taarab ameshafariki, anavuka mpaka kumtafuta baba asiyemjua huku kwetu. Mimi nilikuwa namtafuta wangu pia, mwenzenu. Niliposoma jinsi anavyopokewa na watu wasiomjua, nikapanga safari yangu. Nilimpata. Hakukuwa na siku njema yoyote, alinipa soda akaniambia niwahi matatu ya mwisho. Bado nakipenda kitabu.

Januari 2020 tulimpoteza Kezilahabi, Aprili mwaka huo huo Walibora. Ule mwaka haukuwa na huruma na Kiswahili.

Dada wa Mjini
Pole kaka. Soda gani lakini?

Omwami wa Kitale
Ya machungwa. Moto.

Mlinzi Mstaarabu
Nyie mnalia, mimi riwaya iliniokoa roho na kuniharibia kazi usiku huo huo.

Nilikuwa nalinda ghala la mabati na nyaya, Dar. Lindo la usiku, niko peke yangu, silaha ni rungu na filimbi. Nilikuwa na kitabu cha Joram Kiango, yule mpelelezi wa Ben Mtobwa, nimekinunua cha mkononi Kariakoo, hakina jalada mbele wala kurasa za mwisho, ndiyo maana hata jina silijui. Nakisoma chini ya balbu ya getini. Joram kaingia kwenye nyumba yenye giza, anajua ndani kuna mtu na huyo mtu anajua Joram yumo. Mara nyuma ya ghala nikasikia bati linalia. Kree. Kimya. Kree.

Kwa akili zangu za kawaida ningepuliza filimbi na kukimbilia barabarani. Lakini wakati ule sikuwa mimi. Nikazima balbu. Nikavua viatu. Nikazunguka na ukuta nimeugusa kwa mgongo, kama kitabu kilivyosema. Nikawaona: mmoja yuko juu ya ukuta anapokea rola la waya, mwingine yuko chini anamsukumia. Wa chini ana panga limechomekwa kiunoni kwa nyuma. Mate yakakauka. Nikatoa sauti nzito ambayo mpaka leo sijui ilitoka wapi, nikamwita mwenzake Joram wa vitabuni: "Nuru! Zunguka kwa mbele, hawa nimeshawapata!"

Yule wa juu aliruka upande wa nje na rola likamwangukia mwenzake mguuni. Huyo wa chini aliondoka na mguu mmoja, ila kwa kasi ya miwili.

Mzalendo Halisi
CHAI.

mama_k
Chai ya tangawizi kabisa, lakini endelea 😂

Kijukuu cha Ng'ambo
Na Nuru angeitika ungefanyaje?

Mlinzi Mstaarabu
Ningekimbia kuliko wale wezi.

Asubuhi msimamizi akaja, badala ya pongezi akauliza balbu ilizimwa na nani, akakiona kitabu kwenye kiti. Nikakatwa mshahara kwa kusoma kazini, na kitabu akakichukua. Mnaojua, naombeni: yule wa kwenye nyumba ya giza alikuwa nani?

Kariakoo Kitambo
Hiyo ni Tutarudi na Roho Zetu?

Mdau Kimya
Hapana, itakuwa Lazima Ufe Joram.

Kariakoo Kitambo
Nimezisoma zote za Mtobwa, usinifundishe. Anasema Nuru yumo.

Mdau Kimya
Nuru yumo kwenye vitabu vingi. Na giza limo kwenye vyote.

Msomi Mlimani
Samahanini, uzi ulianza na Kezilahabi, sasa tumefika kwa Joram Kiango. Tutenganishe fasihi na vitabu vya kupitishia muda.

Kariakoo Kitambo
Haya tumeshapata bwana mkubwa. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla ni upelelezi mtupu, Bwana Msa na kiko chake, na ilishinda mashindano ya uandishi kabla hata haijachapishwa mwaka 1960. Vyuoni mnaifundisha. Bwana Msa angekuwa wa Musiba au Mtobwa mngemkataa.

Msomi Mlimani
Bwana Msa anafikiri. Willy Gamba wa Musiba anapiga watu risasi.

Kariakoo Kitambo
Nchi imejifunza kusoma kwa Willy Gamba. Baba yangu fundi gereji, hakuwahi kumaliza kitabu cha shule, Kikosi cha Kisasi alikimaliza chini ya gari.

Mwalimu Mstaafu
Nami nichangie changu. Nimefundisha Kusadikika ya Shaaban Robert miaka mingi na kusema kweli nilikuwa nakifundisha kama orodha: Karama mshitakiwa, Majivuno mshitaki, wajumbe sita, pande sita, andika. Wanafunzi wanasinzia, nami nasinzia nimesimama.

Baadaye nikapewa kazi ya ofisini. Nikaandika waraka mfupi kuonyesha jinsi vitabu vinavyoweza kufika shule za mbali kabla ya muhula kuanza. Sikumlaumu mtu. Nikaitwa, nikaulizwa nani kanituma, na kabla ya mwaka kwisha nimehamishiwa mbali na vitabu vyenyewe. Huko nilikohamishiwa ndiko nilikoisoma Kusadikika mara ya kwanza kwa haki yake. Karama kosa lake ni kutaka kufundisha sheria. Wale wajumbe wanatumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, kila mmoja anarudi na jambo la heri, na kila mmoja anaishia kifungoni. Mwaka 1951 Shaaban Robert aliandika hayo yeye mwenyewe akiwa karani wa serikali ya mkoloni! Ndiyo maana nchi yake akaitundika hewani, asije mtu akauliza ni wapi.

Dada wa Mjini
Mwalimu, bado sentensi zake ndefu zinaniua. Mtu anasalimia nusu ukurasa.

Mwalimu Mstaafu
Soma kwa sauti, binti. Taratibu.

Kisiwani Kwetu
Usimsikilize, ruka hotuba, soma hukumu.

Mswahili wa Maskati
Niko Omani. Nimeisoma Peponi ya Gurnah, hii ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis. Mjomba wangu akaniuliza inahusu nini. Nikamwambia kuna mtoto, Yusuf, wazazi wanampa kwa tajiri anayemwita ami, kumbe ni rehani ya deni la baba. Mjomba akachukua rimoti akabadilisha chaneli. Kisha akabadilisha tena. Hakunijibu mpaka chakula cha usiku, ndipo akasema, "Kwetu walikuwepo watoto kama hao. Tulikuwa tunacheza nao." Basi. Nami sikuthubutu kuuliza wa nani. Na mwisho wake, yule kijana anapoukimbilia msafara wa askari wa Wajerumani, nilikaa na kitabu mapajani nimekasirika. Na nani, hata sijui.

Mdau Kimya
Umetuharibia mwisho!

Mswahili wa Maskati
Kwa Kiingereza imetoka 1994, ndugu yangu. Ulikuwa unasubiri nini?

Baba Wasichana (mleta uzi)
Nimecheka, nimeumia. Sasa nisaidieni: binti anakaribia kumaliza Rosa, anataka kitabu kingine cha Kezilahabi. Nimpe kipi?

Msomi Mlimani
Nagona. Chembamba, na ndipo alipofika kilele.

mama_k
Msimpe mtoto wa watu Nagona! Mimi nilisoma kurasa za mwanzo nikairudisha dukani, nikidhani mtambo umechanganya kurasa.

Kisiwani Kwetu
Mpe chochote ila Kichwamaji asubiri. Tena asubiri sana.

Dada wa Mjini
Mpe Nyota ya Rehema aone msichana aliyekataliwa na baba kwa weusi wake na bado akasimama. Kezilahabi apumzike kidogo.

Mzalendo Halisi
Mpe vitabu vya hesabu.

Mlinzi Mstaarabu
Wakuu, bado sijajibiwa. Ndani ya ile nyumba alikuwa nani?