Mjadala: Je, Kabala ifundishwe kwa kila anayeitaka?

Ndugu aliyenitangulia anasema Rabi Yehuda Ashlag alikosea kuianika hadharani Kabala, elimu ya siri ya Wayahudi, kwa kuwa mila inamtaka mtu atimize kwanza miaka 40 na awe amebobea katika Torati. Mimi nampinga.

Tuitazame hiyo 40. Marabi waliokutana mjini Brody, Ulaya Mashariki, mwaka 1756 walizuia Zohar, kitabu kikuu cha Kabala, isisomwe kabla ya miaka 30, na mafundisho ya Isaac Luria, mwalimu mkubwa wa Kabala, kabla ya 40. Luria mwenyewe alifariki katika mji wa Safed, Galilaya, mwaka 1572 akiwa na miaka 38! Kwa kipimo hicho asingeruhusiwa kuyagusa mafundisho yake. Hofu ya marabi wale naielewa. Walikuwa wakipambana na wafuasi wa Jacob Frank, Myahudi aliyejidai Masihi kwa kutumia Kabala, na kabla ya hapo mwanakabala Shabbetai Zvi alikuwa ametangazwa Masihi mwaka 1665, kisha mwaka uliofuata akasilimu mbele ya Sultani wa Uthmaniya na kuwaacha maelfu wamevunjika moyo. Lakini hiyo ilikuwa tahadhari ya zama zao, si amri iliyoshuka Sinai.

Ashlag, mzaliwa wa Warsaw, alihamia Jerusalem mwanzoni mwa miaka ya 1920. Mwaka 1940 alitoa gazeti, utawala wa Waingereza ukalifunga baada ya toleo moja tu. Hakunyamaza. Aliichukua Zohar, iliyoandikwa kwa Kiaramu, akaitafsiri kwa Kiebrania na kuifafanua juzuu baada ya juzuu hadi 1953, mwaka mmoja kabla ya kufa. Alichofundisha ni kwamba binadamu ameumbwa akitaka kupokea, na kazi yake duniani ni kujifunza kutoa. Somo kama hilo, baada ya vita viwili vya dunia, unamficha nani?

Najua mtaleta hoja ya nyuzi nyekundu za Kabala wanazovaa mkononi kama kinga watu maarufu Marekani, zinazouzwa na watu wanaojinasibisha na Ashlag. Biashara hiyo inanikera sana. Ila yeye aliandika tafsiri na ufafanuzi, hakuuza hirizi, na anayenunua uzi huo mara nyingi hajafungua hata ukurasa mmoja wa Zohar.

Kuhusu mwalimu nakubaliana nawe: vitabu hivi ni vigumu, anayejisomea peke yake hupotea haraka. Basi nijibu hili: kijana wa miaka 25 aliyepata mwalimu mwadilifu, unamzuia kwa hoja gani?