Mbalanga (vitiligo): krimu, mwanga au mitishamba? Kuna aliyepona kweli?

CherehaniNne
Wakuu, heshima kwenu na poleni na majukumu. Mimi ni fundi cherehani, nipo Morogoro, umri miaka 34. Mwaka jana niliona doa jeupe kwenye kidole gumba cha kulia, palepale pete ya mkasi inapokaa. Nikadhani mkasi umenichubua na kidonda kimepona vibaya. Likafuata la kidole cha kati, yakaja pembeni mwa midomo, na sasa kiunoni panapofungwa kamba ya sketi pamezunguka mkanda mzima. Hayawashi, hayaumi. Ni meupe pe, kama nimejipaka chaki ya kuchorea vitambaa.

Ngozi yenyewe nimeshaizoea. Kuna mteja niliyenaye miaka sita sasa, juzi kaja kuchukua gauni la sendofu, hela kaiweka mezani akaisukuma kwa kidole. Zamani alikuwa ananipa mkononi.

Zahanati ya kwanza walisema fangasi, nikapaka dawa miezi miwili bila mabadiliko. Daktari wa pili akasema ni vitiligo, ndiyo mbalanga, akaniambia "haina dawa", akaita mgonjwa mwingine. Tangu hapo kila mtu ana njia yake. Wapo wanaosema krimu za hospitali. Wapo wanaosema niende Dar nikachomwe mwanga. Mtaalamu mmoja wa mitishamba anaahidi siku 21, laki tatu na nusu, nusu tangulizi. Na binamu yangu aliye Marekani anasema huko kuna krimu mpya kabisa. Hela niliyonayo ni ya njia moja tu. Ipi? Na je, inapona, au yule daktari alisema kweli?

Mzee_wa_Kona
Ngoja waje wajuzi. Naweka kambi hapa, shemeji yangu anayo hiyohiyo.

Ngosha77
Dada usipoteze hela hospitali. Mimi ilinishika mgongo na kifua chote, nikapona kwa mizizi ya kuoga, wiki tatu tu. Hao wanaosema haiponi wanalinda biashara zao.

MfamasiaWaZamu
Ngosha mkuu, maswali mawili kabla hatujamtuma dada porini. Ukijikuna ilikuwa inatoa vumbi kama unga? Na je, ilisharudi tena?

Ngosha77
Unga ulikuwa unatoka, ndiyo. Kurudi, hurudi joto likianza, nachemsha tena mizizi inaondoka. Lakini madoa ni meupe vilevile, usinichanganye.

MfamasiaWaZamu
Basi huo ni utangotango, fangasi wa kawaida kabisa, na mbalanga ni kitu kingine. Shuhuda nyingi za "nilipona mbalanga" ukizifuatilia unakuta ni hizi. Fangasi anakufa kwa wiki chache, kwa dawa kama ketokonazoli, huenda hata kwa hiyo mizizi yako. Rangi ndiyo huchelewa miezi kadhaa kurudi.

Dada CherehaniNne, kabla ya kulinganisha dawa, hakikisha unalinganisha dawa za ugonjwa ulio nao. Fanya hivi leo: fumba macho, mtu akuguse na pamba kwenye doa na pembeni ya doa. Doa la ukoma huwa limefifia tu, haliwi jeupe pe, na mara nyingi ukiguswa hapo husikii. Ukikuta husikii, achana na uzi huu uende hospitali kesho asubuhi. Ukoma unatibika kabisa, dawa zake ni za bure, miezi 6 hadi 12.

Ukisikia vizuri, hakuna magamba, na weupe ni wa chaki, tunazungumzia mbalanga: kinga ya mwili wako inashambulia seli zinazotengeneza rangi. Haiambukizi kwa mkono, kwa nguo wala kwa hela. Wanaoipata ni kati ya watu 5 na 20 katika kila 1,000, weusi kwa weupe, ila kwetu inaonekana zaidi. Mwombe daktari akupime na tezi ya shingoni, thairoidi, maana magonjwa hayo mawili hupenda kuongozana.

Halafu nimeona kitu kwenye maelezo yako. Pete ya mkasi. Kamba ya sketi. Ngozi yenye tabia hii ikisuguliwa au kuchubuliwa, doa jipya huzaliwa hapohapo. Kabla hujanunua chochote, vika kitambaa laini kwenye pete za mkasi na ulegeze hiyo kamba. Hiyo ni njia ya tano, na haina gharama.

Kibwana_MSA
Pole dadangu. Huku kwetu Mombasa wazee waiita barasi, na wengine wataka kuichanganya na ukoma, ndipo watu wakatengwa bure. Mie nilipakwa mafuta ya babchi, mmea wa Kihindi, yauzwa maduka ya dawa za Kihindi. Mwenye duka aliniambia nipake kisha nikae juani nusu saa. Nilikaa saa nzima, nataka kupona haraka! Usiku mguu ukafura malengelenge makubwa kama zabibu. Doa likazidi ukubwa. Kwa hivyo mitishamba mimi basi.

MfamasiaWaZamu
Kaka Kibwana, pole, lakini hapo usiitupe mitishamba yote kapuni. Babchi ina psoraleni, kemikali inayoifanya ngozi ishikwe na jua kupita kiasi. Wamisri walitumia mmea mwingine wenye kemikali ya ukoo huohuo kwa madoa haya tangu zamani, na katika miaka ya 1940 wanasayansi wa Misri wakaitoa kwenye mmea, na daktari wa Cairo, El Mofty, akawapa wagonjwa pamoja na jua. Tiba ya mwanga ya hospitalini ina mizizi yake hapo. Kwa hiyo mmea ulikuwa wa kweli. Kilichokuunguza ni kwamba hakuna aliyepima kiasi cha dawa wala dakika za jua.

Huyo wa siku 21 ni habari nyingine. Rangi ya ngozi hairudi kwa siku 21 kwa dawa yoyote ninayoijua, ya porini au ya kiwandani. Anayekutajia siku, muulize kwa nini anataka nusu tangulizi.

Sasa krimu. Za steroidi kali, kama klobetasoli au mometasoni, zipo karibu kila duka la dawa na zinafaa doa likiwa dogo na jipya. Ubaya wake, si za kukaa nazo. Ngozi hukonda kama karatasi ya sigara, mishipa ikaonekana, michirizi ikabaki. Ni tyubu zilezile dada zetu wanachanganya kwenye mkorogo, ndiyo maana duka la vipodozi watakuuzia bila kukuuliza swali. Daktari hukupangia miezi michache, na vipindi vya kupumzika. Usoni na karibu na macho hutumika zaidi takrolimusi, hiyo haikondeshi ngozi. Inakondesha pochi.

Mchaga_Asiyelala
Mimi ni wa mwanga, ngoja niseme nilichokiona kwa macho yangu. Sitaji hospitali. Nilisimama ndani ya lile kabati miezi 11, mara tatu kwa wiki. Ni kabati kweli, limezungushiwa taa ndefu kama zile za dukani. Unavua nguo, unavaa miwani myeusi, sehemu za siri unafunika. Siku ya kwanza ni sekunde chache tu, nikajiuliza ndiyo nimetoka kijijini kwa hili? Wanaongeza kidogokidogo.

Miezi miwili sikuona kitu, nikataka kuacha. Mwezi wa tatu mke wangu ndiye aliyeona, tukiwa tunakula. Kwenye shavu, kuzunguka kila kinyweleo, kidoti cheusi. Kama mtu kamwaga ufuta juu ya ugali. Vidoti vikakua, vikakutana, uso ukarudi wote. Shingo karibu yote.

Vidole havikurudi hata kimoja. Daktari alinieleza kuwa rangi hutoka kwenye shina la nywele ikatambaa kwenda nje, na ncha za vidole hazina nywele. Doa ambalo nywele zake nazo zimekuwa nyeupe ni gumu vilevile.

Gharama iliyoniumiza ni nauli na siku za kazi, mwanga wenyewe ulikuwa afadhali. Kama unakaa Moro na mwanga uko Dar, piga hesabu ya basi mara tatu kwa wiki kwa miezi sita kwenda juu ndipo uamue. Na mwaka mmoja baada ya kuacha, doa moja limerudi kwenye pembe ya jicho.

Kibwana_MSA
Sasa wewe umepona ama hujapona?

Mchaga_Asiyelala
Swali zuri. Nikijiangalia kwenye kioo, nimepona. Daktari hajaniandikia popote kwamba nimepona.

Ngosha77
Kwa hiyo yule daktari wa dada alikuwa sahihi, haiponi. Mnazunguka tu.

MfamasiaWaZamu
Alisema nusu, akaacha nusu. Hakuna dawa ya kuiondoa mwilini isirudi tena, hapo yuko sahihi. Lakini "haina dawa" ni uongo. Kisukari nacho hakiondoki, mbona hatuwaambii wagonjwa waende wakalale? Ukisimamisha tiba bila chochote cha kupaka, karibu watu 4 kati ya 10 madoa hurudi ndani ya miezi sita. Walioendelea kupaka takrolimusi mara mbili tu kwa wiki pale paliporudi rangi, ilikuwa karibu mmoja kati ya 10. Kaka Mchaga, ulipewa kitu cha kupaka ulipomaliza?

Mchaga_Asiyelala
Sikupewa. Wala sikuuliza.

Mswahili_Ohio
Nimechelewa. Hiyo krimu mpya ya binamu ni ruksolitinibu, huku inauzwa kwa jina la Opzelura. Marekani iliidhinishwa kwa vitiligo Julai 2022, kwa wenye miaka 12 kwenda juu, ikiwa ni ile inayotokea pande zote mbili za mwili. Mdogo wangu anaitumia, mara mbili kwa siku. Kwenye majaribio yake, baada ya wiki 24, watu kama 3 kati ya 10 ndio uso wao ulipata nafuu ya robo tatu au zaidi. Kwa hiyo msiione kama muujiza. Bei ya tyubu moja bila bima ni karibu dola 2,000. Narudia, tyubu moja. Na karatasi ya ndani ina onyo zito la maambukizi, moyo na damu kuganda, kwa sababu ni ukoo wa dawa zenye historia hiyo. Dada, binamu akijitolea kukutumia moja, mshukuru, ila muulize ya pili itatoka wapi.

Mzee_wa_Kona
Sasa si bora ajichubue mwili mzima ufanane, kama Michael Jackson?

MfamasiaWaZamu
Michael alisema mwenyewe kwa Oprah mwaka 1993 kwamba ana ugonjwa huu, watu wakamcheka. Uchunguzi wa mwili wake mwaka 2009 ukathibitisha. Kuondoa rangi iliyobaki ni tiba halali, ila ni kwa mtu ambaye madoa yameshachukua karibu mwili wote, na ukishavuka huwezi kurudi nyuma. Ngozi isiyo na kinga yoyote kwenye jua letu, waulize ndugu zetu wenye ualbino. Dada ana vidole viwili, midomo na kiuno, Mzee.

CherehaniNne
Asanteni sana. Nimefanya jaribio la pamba na mwanangu, nasikia kila mahali. Ila nimesoma ya kaka Mchaga mara tatu. Kwa hiyo midomo na kiuno ndivyo vina matumaini, na vidole, ambavyo ndivyo mteja anaviona, ndivyo havirudi?

MfamasiaWaZamu
Pembeni ya midomo na kiunoni pana nafasi nzuri. Ncha za vidole, nafasi ni ndogo sana kwa njia zote tulizotaja. Ningekuwa nakuficha ningekuuzia kitu.

MamaLishe_Kigoma
Mwanangu, mimi nina miaka 58 na mikono yangu yote miwili ni meupe hadi kwenye viwiko. Nauza chakula! Wewe unashika vitambaa, mimi nashika ugali wa watu.

Ilipoanza wateja walihamia kwa jirani, siku nzima nauza sahani nne. Nilitumia hela za vikoba kwa waganga wawili na hospitali moja, sikupata kitu. Mwisho nilikwenda zahanati nikamwomba nesi, nikamwomba na mwenyekiti wa mtaa, waje kula kwangu saa saba mchana, saa ya watu wengi. Bure. Nesi akala, akaomba na mchuzi wa kuongeza, watu wakimwuliza anajibu kwa sauti: hii haiambukizi, ni rangi tu. Mwenyekiti alikuja siku tatu mfululizo, nadhani alipenda ubure. Wateja walirudi, wengine walipona uoga kabla mimi sijapona ngozi. Sijapona mpaka leo.

Dawa tafuta, wewe bado kijana. Ila na huyo mteja wako mfungulie mdomo, asikusukumie hela kama anamlisha mbwa.

CherehaniNne
Mama, shikamoo. Nimecheka mwenyekiti, nimelia kidogo pia.

Uamuzi wangu ni huu. Wa siku 21 nimefuta namba yake. Dar kwa mwanga siwezi, nauli ingemaliza mtaji. Alhamisi nina miadi hospitali ya mkoa, nitauliza takrolimusi kwa midomo, krimu nyingine kwa kiuno, na kipimo cha thairoidi. Kamba ya sketi nimeondoa, navaa madira. Pete za mkasi nimezivika kipande cha fulana ya mwanangu. Mkasi unateleza kidogo nikifika kwenye kona ya kola, nitauzoea.

Yule mteja bado sijamwambia kitu. Gauni lake la pili liko hapa mezani, anakuja Jumamosi.

Mzee_wa_Kona
Mrejesho wa Alhamisi sina haraka nao. Tupe wa Jumamosi.