Mwisho mbovu unafuta sizoni zote nzuri?

Mleta mada

Wakuu, wiki hii nilianza kuirudia tamthilia ya Game of Thrones tangu mwanzo. Nimefika katikati ya sizoni ya tatu, nikazima. Si kwamba imechuja, la. Ni tamu mno, na utamu wenyewe ndio unaniudhi, maana najua tunakoelekea. Kila mhusika anayepanga mipango namwangalia kama mtu anayejenga bondeni wakati wa kiangazi.

Msimamo wangu ni huu: tamthilia ya mfululizo ikiharibika mwisho, imeharibika yote. Filamu ya saa mbili ikiboronga dakika za mwisho umepoteza jioni moja. Hii ilianza Aprili 2011 ikaisha Mei 2019, sehemu 73, na muda wote huo tulikuwa tunakopesha. Tunaonyeshwa unabii, tunaambiwa subirini. Tunaonyeshwa siri ya uzazi wa mtu, subirini. Malipo yote yakawekwa mwishoni.

Kisha sizoni sita za kwanza zilizokuwa na sehemu kumi kumi zikafuatwa na ya saba yenye saba na ya nane yenye sita. Safari iliyokuwa ikila nusu ya sizoni sasa inaisha kabla hujarudi kutoka jikoni. Binti aliyevunja minyororo ya watumwa miaka yote ile, kengele za kusalimu amri zinalia, anauchoma mji. Sisemi hakuweza kufika huko. Nasema njia hatukuonyeshwa.

Na kile kikombe cha kahawa kilichosahaulika mezani mbele yake kwenye sehemu ya nne ya sizoni ya nane, ambacho HBO, kituo kilichoirusha, walikuja kukifuta baadaye! Watu walicheka, mimi sikucheka. Mwenye nyumba akiacha kufagia wageni wangali sebuleni, ujue anataka muondoke.

Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umezima pabaya. Sehemu ya tisa ya sizoni hiyohiyo ndiyo ile harusi iliyogeuka machinjio. Siku ile 2013 uliporuka kutoka kwenye kochi, nani amekuja kukunyang'anya ule mruko? Ulichokipata umekipata.

Halafu hukumu ya mwisho haitolewi usiku uleule. Tamthilia ya The Sopranos ilipofungwa Juni 2007, familia iko mgahawani, inakula vitunguu vya kukaanga. Nje binti anahangaika kuegesha gari, anaingiza, anatoa, anaingiza tena. Mlango unafunguliwa, baba anainua macho, na kioo kinakuwa cheusi. Kimya. Watu wakadhani matangazo yamekatika, wengine wakatukana. Leo hao hao wanaichambua sekunde kwa sekunde na kuiita mwisho bora kuwahi kutokea. Na hiyo unayoilaani ilibeba Emmy, tuzo ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora mwaka huohuo wa 2019.

Mleta mada

Emmy tuiache kando, tafadhali. The Wire ilimaliza sehemu 60 bila kushinda hata moja. Better Call Saul iliteuliwa mara 53 ikatoka mikono mitupu. Tukianza kupima kwa tuzo tutataabika.

Kuhusu The Sopranos: pale mtu aliamua. Ukikubali ukikataa, unaona mkono wa fundi ulipokata. Huku naona mtu mwenye haraka ya kwenda kwingine.

Mchangiaji wa pili

Nyie mnalilia mwisho mbovu, sisi wa Marvel, wale wa filamu za mashujaa, tunalilia mwisho wowote. Tulianza na Iron Man 2008, tukafika Avengers: Endgame 2019. Sisi tuliokua tukiamini steling hafi, tukamwona steling, Iron Man mwenyewe, anakufa, anazikwa, watu wamesimama kwa mstari kando ya ziwa. Filamu ikaingiza karibu dola bilioni 2.8. Deni limelipwa, mlango ungefungwa pale, tukaenda kulala.

Badala yake kuanzia 2021 zikaja tamthilia za Disney+, huduma ya kutazama mtandaoni, na ili uelewe filamu moja ikabidi uwe umemaliza kazi za nyumbani. The Marvels ya 2023 ikapata kama dola milioni 206 dunia nzima, kiasi ambacho hakuna filamu ya Marvel Studios iliyokuwa imeshuka hadi hapo. Na Julai 2024 wakamtangaza Robert Downey Jr., yule aliyemwigiza Iron Man, kuwa anarudi, safari hii kama adui, Doctor Doom. Jina jingine, sura ileile. Sasa nikiangalia yale mazishi nalia nini?

Mleta mada, mwisho wako ni mbovu, lakini ni wako. Hakuna anayekuja kuufukua Alhamisi ijayo. (Najua kuna tamthilia ya ukoo wa majoka. Ile inasimulia ya mababu, haifukui kaburi.)

Mchangiaji wa tatu

Mimi nawalaumu mashabiki. Zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka sizoni ya nane irekodiwe upya. Upya! Tabia hii imefunzwa. Treila ya filamu ya Sonic ilipotoka 2019, mnyama ana meno ya binadamu, watu wakapiga kelele, studio ikamchora upya na kusogeza filamu hadi Februari 2020. Ikauza. Filamu ya Justice League nayo ikarudi 2021 ikiwa na saa nne kwa sababu watu hawakunyamaza.

Meno ni meno, hayo sawa. Hadithi si meno. Tazameni filamu za Star Wars: 2017 Rey, steling wa kike, anaambiwa wazazi wake hawakuwa watu wa maana, kelele zikapigwa, 2019 ghafla ni mjukuu wa Palpatine, adui mkuu. Waliopiga kelele hawakuridhika, na waliopenda ya 2017 wakaona wamegeukwa. Na kelele zenyewe hazikuishia kwa wakurugenzi: Kelly Marie Tran, mwigizaji wa ile ya 2017, alisakamwa mpaka akafuta picha zake zote Instagram 2018. Kwa kosa gani? Kuigiza alichoandikiwa.

Mleta mada

Hapo kwa Tran sina la kubisha, na ile karatasi ya sahihi sikuisaini. Kununa nina haki. Kumwamuru mwandishi aanze upya sina. Ila mchangiaji wa pili, usinifariji na ubovu wa jirani.

Na wa kwanza, umeniponza. Jana usiku nimeiwasha ile sehemu ya tisa. Milango ya ukumbi inafungwa, wapiga muziki wanabadilisha wimbo, mama mtu anageuza kichwa taratibu. Najua kila kitu kinachofuata na bado nilishika mto. Hilo nakupa.

Sehemu ya kumi sijaigusa.