Mama ana magoti mabovu, ataiweza Shimba Hills?

Bint Shela, Malindi
Hamjambo wanajamvi. Shule zikifungwa nataka kuwapeleka wanangu hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills, kule Kwale, na mama kasema haachwi nyuma. Arabuko-Sokoke tumeizoea, ila ule ni msitu. Watoto wanataka uwanda wa majani, na mkubwa kashikilia habari za palahala, yule swala mkubwa, hata usingizi hapati. Twaweza kwenda na kurudi siku moja? Na huyo palahala yuaonekana kweli?

Mwalimu wa Maweni
Dada, siku moja mtajichosha bure. Palahala hula uwandani asubuhi na jioni; jua likikaza hujisogeza kivulini kandokando ya msitu. Mkitoka Malindi alfajiri, mtafika washaingia. Laleni Kwale mjini. Feri ya Likoni iacheni, shikeni barabara ya Dongo Kundu mpaka mtokee upande wa pili, kisha Kombani mpande kilimani.

Mama asiwe na wasiwasi, uwanda unaonwa ukiwa garini. Na amwone dume! Mweusi tii, tumbo jeupe, pembe zimepinda kurudi mgongoni kama majambia. Majike ni wekundu wa kahawia, nao wana pembe. Kenya nzima hakuna pori jingine la kumwona, mpaka uvuke Tanzania. Mimi jambo hili huniuma: watu wa pwani twasafiri hadi Maasai Mara, na mnyama huyu yuko kwetu.

Mkikuta kilima kimeungua msihuzunike. Askari wa hifadhi huchoma makusudi, majani makuukuu yaondoke na vichaka visiumeze uwanda. Yakichipua mabichi, hapo ndipo palahala hukusanyika. Mwambieni dereva azime injini mngoje.

Maporomoko ya Sheldrick ni ya watoto, tena na askari mwenye bunduki, maana msituni mna ndovu na nyati. Kushuka si kazi, kazi ni kupanda. Mama mwacheni juu na mtu mzima mmoja.

Mkwale
Nyongeza: kuna mbung'o, nao hufuata rangi nyeusi na buluu. Mama akivaa buibui jeusi vioo vifungwe, au achague rangi nyingine. Tiketi lipieni eCitizen, ule mtandao wa serikali, kabla, langoni hawachukui pesa mkononi.

Bint Shela, Malindi
Shukrani, Mwalimu, nawe Mkwale. Nimemsomea mama yote. Kasema buibui la kahawia analo, na kiti cha mbele ni chake. Tutalala Kwale.