Tone la maji linagusa maji halafu linadunda, hii imekaaje?

Kibatari:
Wakuu habari za jioni. Kuna video nimeiona, chombo kimejazwa mafuta, chini kuna maji, juu wamechomeka waya wenye volti kubwa. Tone la maji likishapata chaji kwenye waya linashuka mbio, linagusa yale maji ya chini, mi nikajua ndo limeshamezwa, ajabu linarudi juu kama mpira, linashuka tena, linapanda tena. Wakipunguza volti ndo linazama na kuungana. Sasa si tulifundishwa chaji tofauti zinavutana? Umeme ukizidi si ndo yaungane haraka zaidi?

fundi_waya:
Simpo mkuu. Likigusa tu linachukua chaji ya maji ya chini, zikishafanana zinasukumana, linapanda.

NusuLita:
@fundi_waya hiyo inaeleza kwa nini linapanda likishaachia, haielezi limeachia vipi, maana maji yakigusa maji kawaida hayaachani.

Iko hivi. Kabla ya kugusana umeme unavuta uso wa tone mpaka linachongoka, na maji ya chini nayo yanainuka yanachongoka. Ncha zikikutana kinatokea kidaraja chembamba cha maji, chaji inapita hapo kufumba na kufumbua, na ikishapita umeme kazi yake kwenye kidaraja ndo imeisha, unabaki mvutano wa uso peke yake, yaani ile tabia ya uso wa maji kujikaza kama ngozi. Ncha zikiwa butu, presha ndani ya kidaraja inakuwa ndogo kuliko ndani ya tone, maji yanakimbilia pale, kidaraja kinanenepa, wameungana. Ncha zikiwa kali sana kile kidaraja presha yake inazidi, maji yanakamuliwa kurudi juu na chini, kinakatika. Hapo sasa ndo chaji mpya aliyosema fundi inalirusha juu. Volti kubwa = ncha kali, ndo maana. Watafiti akina William Ristenpart walilitoa kwenye jarida la Nature 2009, na mpaka wa ukali wa ncha ni kama nyuzi 30 hivi toka ulalo.

Kibatari:
Daah, kumbe umeme unayakutanisha halafu wenyewe tena ndo unaharibu ndoa 😂 Ila hii ina kazi gani mtaani?

Abu_Suhar:
Kazi ipo tena kubwa. Mi niko huku Omani, refainari. Mafuta ghafi yanakuja na maji yenye chumvi, vitone vidogo vidogo mno, na chumvi ikiingia kwenye tanuru inazaa asidi inakula mabomba. Kwa hiyo kwanza yanapita desolta (mtambo wa kutoa chumvi), tunachanganya maji masafi kidogo ili yabebe chumvi, halafu tunapitisha kwenye gridi, yaani nyavu za chuma zenye umeme, volti 20,000 hivi, vitone vinaungana vinashuka chini. Kipenyo cha tone kikiwa mara mbili linazama mara nne haraka, ndo ujue kwa nini tunahangaika yaungane. Frederick Cottrell alishapata hataza ya njia hii Marekani 1911, si jambo la jana. Na ndo hivyo hivyo, anakuja kijana mpya anaona maji hayatengani anataka kupandisha volti, matone yanapasuka yanazidi kuwa madogo, au yanajipanga mnyororo toka gridi hadi gridi, transfoma inatripu.

Kibatari:
Sheikh, ila huko matone si hayana chaji? Na umeme wenyewe si ni AC, ule unaogeuka-geuka?

Abu_Suhar:
Mengi hayana, na hayahitaji. Tone likiwa ndani ya uga wa umeme (eneo ambalo nguvu ya umeme inafika), upande mmoja unakuwa chanya, wa pili hasi, jirani yake hivyo hivyo, kwa hiyo pande zinazotazamana ni tofauti, zinavutana. AC ikigeuka, yote mawili yanageuka pamoja, mvuto uko palepale. Ila wawe karibu, mvuto huo unapungua vibaya sana wakiachana hata kidogo, ndo maana ukiweka maji machache mno nayo ni shida.

fundi_waya:
Nakaa kwa kutulia 🙌